Taya Linapouma, Si Kila Mara ni Jino



Katika kurasa hizi tumekwisha kuzungumza juu ya mgongo, miguu inayovimba na kichwa kinachouma. Mwezi huu tuangalie kiungo ambacho wengi wetu hatujui hata kama tunacho, mpaka siku kinapoanza kusumbua. Ni kiungo cha taya.

Hapa kwetu Nyalikungu, akina mama wanaokuja na maumivu ya upande wa uso huwa wamekwisha kuamua ugonjwa wao kabla hawajafika. Mmoja atasema, "Nesi, nina jino." Mwingine atasema, "Nesi, sikio limeoza." Mara nyingi ni kweli, jino limetoboka au sikio lina usaha. Lakini wapo ambao jino lao ni zima, sikio lao ni safi, na bado hawalali usiku. Hao ndio nawaandikia leo, maana ndio wanaong'olewa meno mazima, wanaomwagiwa mafuta ya moto masikioni, na wanaomaliza fedha za nyumbani kwa vidonge visivyowafaa.

KIUNGO HIKI KIKO WAPI?

Acha kazi uliyonayo kwa dakika moja. Weka ncha za vidole viwili mbele ya kila sikio, pale panapokaribia kinyama kidogo kinachofunika tundu la sikio. Sasa fungua kinywa polepole, kisha ufunge. Umesikia kitu kinateleza chini ya vidole? Hicho ndicho kiungo cha taya. Unavyo viwili, kulia na kushoto, navyo hufanya kazi pamoja kama ng'ombe wawili wa kulimia waliofungwa nira moja. Mmoja akichechemea, na mwenzake huenda mrama.

Katikati ya mifupa ya kiungo hiki kuna kisahani kidogo cha gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Kuzunguka kiungo kuna misuli yenye nguvu sana: mmoja uko shavuni, mwingine uko kwenye kipaji pembeni mwa jicho, na mingine iko ndani zaidi. Ukiuma meno kwa nguvu utaona shavu na kipaji vinatuna. Ndiyo sababu mtu mwenye shida ya taya mara nyingi hulalamika kwamba kichwa kinambana pande zote mbili.

Taya halipumziki kama goti. Tunalitumia tunapokula, tunapoongea, tunapoimba kwaya, tunapopiga miayo, hata tunapomeza mate. Mwaka 1934 daktari mmoja wa Marekani aitwaye James Costen aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na maumivu ya masikio na kichwa, akaonyesha kwamba shida yao ilihusiana na taya. Baadhi ya maelezo yake yamekwisha kusahihishwa, lakini jambo moja limebaki: sikio linaweza kuuma bila kuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu jirani yake anaumwa.

DALILI ZAKE

Mtu mwenye shida ya kiungo cha taya huwa na baadhi ya dalili hizi:

1. Maumivu mbele ya sikio, shavuni au kwenye kipaji, yanayozidi anapotafuna au kupiga miayo.
2. Taya kuwa zito na gumu asubuhi anapoamka.
3. Mlio wa "ta!" au mkwaruzo anapofungua kinywa.
4. Kinywa kushindwa kufunguka vizuri, au kwenda upande mmoja kinapofunguka.
5. Sikio kuhisi limeziba au kuuma, lakini halitoi usaha na mgonjwa hana homa.
6. Kichwa na shingo kuuma, hasa mwisho wa siku.

Kuna kipimo rahisi cha kinywa. Panga vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, uviweke wima katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida huweza kuviingiza vyote vitatu. Ikiwa vinaingia viwili tu au kimoja, taya lako lina shida.

Neno moja la kukutuliza: mlio peke yake, usio na maumivu wala kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi mataya yao hulia maisha yao yote wala hawaumwi.

KWA NINI LINAUMA?

Chanzo si kimoja. Hebu tuangalie vile ninavyokutana navyo zaidi.

Kuuma na kusaga meno. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa kukaa yamegusana mchana kutwa. Yanapaswa kukutana tunapotafuna na kumeza, kisha yaachane. Lakini mtu mwenye wasiwasi, hasira au mawazo mengi huyabana bila kujua. Mwingine huyasaga usiku usingizini, asubuhi huamka kama mtu aliyetwanga mtama usiku kucha. Tazama pia unapojitwika ndoo ya maji au kuinua gunia la pamba: wengi wetu tunauma meno ndipo tuinue. Misuli ya taya ikifanyishwa kazi hivyo kila siku, lazima ilalamike.

Kutafuna vitu vigumu. Miwa inayomenywa kwa meno, mahindi makavu ya kuchoma, matobolwa yaliyokauka sana, nyama ya ng'ombe mzee, bablishi inayotafunwa kutwa nzima. Wajawazito wengine hutafuna udongo mgumu, tabia ambayo ina madhara mengine pia mbali na taya. Na tusisahau wale wanaofungua chupa ya soda kwa magego.

Kukosa magego. Aliyeng'olewa magego ya upande mmoja hutafuna upande wa pili tu. Upande huo huchoka.

Kufungua kinywa mno au kwa muda mrefu. Hii hutokea katika miayo mikubwa, au baada ya kung'olewa jino la nyuma kwa shida. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hupungua yenyewe siku chache au wiki chache baadaye.

Kuumia. Kuanguka kwenye pikipiki au baiskeli, kugongwa na kwato au pembe ya ng'ombe, na kipigo. Juu ya kipigo nitasema zaidi hapa chini.

Ugonjwa wa viungo. Mwenye baridi yabisi ya vidole na magoti anaweza kuipata hata kwenye taya.

Uchunguzi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba wanawake hupatwa na shida hii kuliko wanaume, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Mabadiliko ya homoni hutajwa kuwa sababu mojawapo. Lakini mimi nikiangalia akina mama ninaokutana nao, naona pia mzigo wa nyumba. Umri huo ndio wa kuzaa, kulea, kulima na kuhesabu senti.

TAYA LINALOBEBA MAWAZO

Mama mmoja alikuja kwangu baada ya kikao cha akina mama kanisani. Alikuwa ameng'olewa gego la chini katika kituo kimoja, na maumivu yakabaki palepale. Sasa alitaka kung'oa la pili.

Nikamwambia, "Mayu, kaa kwanza tuzungumze. Linauma zaidi saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikiamka siwezi hata kufungua kinywa kunywa uji."

"Na ukitafuna?"

"Nikitafuna nyama linachoma mpaka sikioni. Maji ya baridi hayanisumbui."

Jino bovu kwa kawaida halivumilii maji ya baridi wala kitu kitamu, nalo mara nyingi humwamsha mtu usiku wa manane. Nikamwomba afungue kinywa. Kikaenda upande. Nikabonyeza misuli ya shavu, akashtuka. Gego alilotaka kung'oa halikuwa na tundu, halikutikisika, wala nilipoligonga taratibu halikuuma.

Nikamuuliza kama anasaga meno usiku. Akacheka kidogo. "Baba watoto anasema nasikika kama panya kwenye gunia la mahindi."

Ndipo mengine yakafuata. Mtoto wa kwanza amechaguliwa kwenda sekondari na mahitaji ya shule hayajatimia. Pamba imeuzwa, fedha zimekwenda kulipa deni la pembejeo. Na mama mkwe ni mgonjwa, yuko hapo nyumbani, na yeye ndiye anayemwamkia usiku. Hayo yote hakuwa amemwambia mtu. "Nikilalamika nitasaidiwa nini?" akaniuliza.

Sikumpa dawa ya ajabu. Nilimfundisha haya nitakayowaeleza, nikamshauri azungumze na mume wake juu ya kusaidiana na mgonjwa usiku, na akina mama wenzake wakapanga zamu ya kumshika mkono. Baada ya wiki sita hivi alikuwa anatafuna ugali na maharage bila shida. Gego lake lingali kinywani.

Simaanishi kwamba maumivu haya ni ya kufikirika, la! Misuli imechoka kweli na kiungo kimevimba kweli. Ila mwili hauwezi kutenganishwa na moyo unaoubeba. Mama anayemeza maneno yake kila siku mara nyingi huyamezea meno yakiwa yamebanwa.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Habari njema ni hii: wagonjwa wengi wa kiungo cha taya hupata nafuu bila kupasuliwa na bila dawa za gharama. Lakini haraka haraka haina baraka. Jipe wiki nne hadi sita za kufuata mambo haya kila siku.

1. Pumzisha taya. Midomo ifungwe, meno yaachane. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, pale unapougusisha ukitaka kusema "nane". Ukikaa hivyo si rahisi kubana meno. Chagua vitu vya kukukumbusha: kila unapochochea moto, kila unapochota maji, kila simu inapolia, jiulize, "Meno yangu yamegusana?" Yakiwa yamegusana, yaachanishe na ulegeze mabega.

2. Badili chakula kwa muda. Uji, ugali laini kwa mlenda, maharage yaliyoiva vizuri, dagaa, mayai, viazi vya kuchemsha, ndizi za kupika, papai. Nyama ikatwe vipande vidogo na ichemshwe mpaka ilainike. Miwa, matobolwa, mahindi ya kuchoma na karanga ngumu ziache kwanza. Embe usiling'ate, likate vipande. Tafuna pande zote mbili. Huhitaji kupika vyungu viwili, maana vyakula hivi familia yote inaweza kula.

3. Kanda kwa joto. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, kamua, weka kwenye shavu na mbele ya sikio kwa dakika 15 hivi. Kikipoa, kichovye tena. Fanya asubuhi na jioni. Lakini kama umeumia leo au jana, usitumie joto, tumia kitambaa cha maji ya baridi ya mtungini kwa siku mbili za kwanza.

4. Sugua misuli. Kwa vidole viwili, zungusha taratibu kwenye shavu na kwenye kipaji dakika mbili tatu. Isiwe kwa nguvu ya kuumiza.

5. Mazoezi. Kaa mbele ya kioo. Gusisha ulimi kwenye kaakaa, kisha fungua kinywa polepole bila kuuachia ulimi. Angalia kidevu kishuke wima, kisiende pembeni. Funga. Rudia mara 6, asubuhi, mchana na jioni. Zoezi lolote likiongeza maumivu, lisimamishe.

6. Chunga miayo. Ukisikia mwayo unakuja, weka ngumi chini ya kidevu kinywa kisifunguke mno.

7. Angalia unavyolala na unavyokaa. Usilale kifudifudi, wala usilalie mkono uliouweka chini ya taya. Usibane simu kati ya sikio na bega huku ukimenya viazi. Shingo na taya ni majirani, mmoja akipindwa na mwingine huumia.

JUU YA DAWA

Paracetamol hutosha kwa wengi. Mtu mzima humeza vidonge viwili vya miligramu 500, na dozi nyingine baada ya saa 6 kama maumivu yangalipo. Visizidi vidonge 8 kwa siku moja. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Ibuprofen na diclofenac hupunguza uvimbe wa kiungo, lakini si za kila mtu. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo asizinunue dukani bila kumwona mganga. Wengine wazimeze baada ya kula, kwa siku chache tu.

Sasa sikilizeni vizuri juu ya zile dawa za kuua bakteria, ambazo wengi huziita "rangi mbili". Taya lililochoka halina bakteria wa kuuawa. Ukimeza amoxicillin kwa maumivu ya misuli, unapoteza fedha na unawafundisha bakteria waliomo mwilini kuizoea dawa. Siku utakapoihitaji kwelikweli, haitakusaidia.

Usimwagie sikio mafuta ya moto, maji ya majani wala mkojo. Usikubali kuchanjwa shavuni kwa wembe. Na usikubali jino ling'olewe kwa sababu "labda ndilo". Jino la ukubwani halioti tena. Mwombe mganga wa meno akuonyeshe ubovu wa jino hilo. Una haki ya kuuliza, kwa adabu.

Kama wiki sita zimepita na hakuna nafuu, muone mganga wa meno hospitalini. Anaweza kukuandikia rufaa, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa rufaa kubwa ni Bugando, Mwanza. Madaktari wa meno huweza kumtengenezea mgonjwa kifuniko cha plastiki cha kuvaa juu ya meno usiku ili yasisagane. Upasuaji ni wa wachache sana.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Yapo maumivu na hali za taya zisizongoja kukandwa. Kata ukurasa huu ubandike ukutani ukipenda.

Pepopunda. Taya likikaza na kushindwa kufunguka, hasa kwa mtu aliyechomwa na msumari, mwiba au jembe siku za nyuma, huku shingo na mgongo vikikakamaa, hiyo ni hatari ya kifo. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri kisha akaacha kunyonya na kukakamaa naye apelekwe saa hiyo hiyo. Kinga yake ni chanjo. Mjamzito usikose sindano yako kliniki.

Taya lililochomoka. Mtu amepiga miayo, amecheka au ametapika, na kinywa kimebaki wazi. Hawezi kukifunga, mate yanamtoka, maneno hayaeleweki. Watu huogopa wakadhani amerogwa. Hajarogwa, mfupa umetoka mahali pake. Waganga wa Misri ya kale walilijua jambo hili, maana njia ya kulirudisha imeandikwa katika hati yao ya mafunjo yenye umri wa miaka ipatayo 3,600: daktari huingiza vidole gumba kinywani, hukandamiza taya chini na kulisukuma nyuma. Mpaka leo njia ni karibu ile ile. Lakini wewe usijaribu, wala usimpige kofi eti lirudi. Mfunike kinywa kwa kitambaa chepesi, mtulize, mpeleke mapema. Likichelewa misuli hukaza, na kazi ya kulirudisha huwa ngumu.

Taya kupinda baada ya dawa. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, kama metoclopramide, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huweza kufanya taya, ulimi na shingo vipinde ghafla. Rudi hospitalini na dawa uliyopewa mkononi. Ipo sindano inayorudisha hali hiyo upesi.

Uvimbe chini ya kidevu. Jino bovu likifuatiwa na homa, uvimbe mgumu chini ya kidevu au shingoni, na kumeza kwa shida, usilale nyumbani. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Maumivu ya taya pamoja na kifua. Mtu mzima akisikia taya linauma huku kifua kinabana, jasho linamtoka na pumzi inakata, huenda ni moyo. Akimbizwe.

Uvimbe wa taya kwa mtoto. Hili mama nakuomba usilisahau. Mtoto, hasa wa miaka 4 hadi 9 hivi, taya likivimba na kukua haraka kwa siku au wiki chache, meno yakalegea kabla ya wakati wake, pengine bila maumivu makali, apelekwe hospitali mara moja. Yupo adui aitwaye saratani ya Burkitt. Imepewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeandika juu ya watoto wa namna hiyo mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, Uganda. Huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, na ukanda wetu wa ziwa ni mmojawapo. Hukua upesi sana, lakini pia husikia dawa vizuri. Watoto wengi wanaowahishwa hupona. Wanaopelekwa kwanza kuchanjwa na kufungwa majani hupoteza wiki ambazo hawawezi kuzirudisha.

KAMA NI KIPIGO

Nimesema nitarudi hapa. Wapo akina mama wanaosema wameanguka kisimani, na kumbe ni kofi au ngumi. Mama, sikuulizi ili nikuaibishe. Nakueleza mambo ya mwili wako. Taya lililovunjika lisipotibiwa hujiunga vibaya, nawe utatafuna kwa shida maisha yako yote. Dalili zake ni hizi: meno hayakutani tena kama zamani, mdomo wa chini una ganzi, damu inatoka kwenye fizi, uvimbe unaongezeka. Ukiona hayo, funga kitambaa kuanzia chini ya kidevu mpaka juu ya kichwa, usikaze mno, na kama unatapika au damu ni nyingi usikifunge. Nenda hospitali.

Kwa majeraha ya kupigwa utahitaji fomu ya polisi, PF3. Kama hali ni mbaya tangulia hospitali, fomu itafuata. Katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utasikilizwa faraghani. Na sisi tulio katika vikundi vya akina mama kanisani, tusiwe watu wa kumwambia mwenzetu "vumilia tu, ndiyo ndoa". Mficha maradhi kifo humuumbua, na kipigo kinachofichwa hurudi kikiwa kikubwa zaidi.

MASWALI NINAYOULIZWA MARA KWA MARA

"Mtoto wangu anasaga meno usiku. Je, ana minyoo?"
Kusaga meno peke yake si ushahidi wa minyoo. Watoto wengi husaga meno, hasa wanapobadilisha meno, na wengi huacha wenyewe. Mpe dawa za minyoo kwa ratiba ya kawaida kama mnavyoelekezwa kliniki na shuleni. Kama meno yanalika au analalamika taya kila asubuhi, mlete aonekane. Muulize pia kama kuna jambo linalomwogopesha shuleni au nyumbani.

"Ninaimba kwaya. Je, niache?"
Huna haja ya kuacha. Wakati wa maumivu makali pumzika mazoezi wiki moja au mbili, au imba taratibu bila kupanua kinywa sana. Ukirudi, kanda taya kabla ya mazoezi.

"Nimeambiwa meno yangu yaliyopinda ndiyo chanzo. Je, nitafute fedha za kuyanyoosha?"
Usikimbilie huko. Watu wengi wana meno yaliyopinda wala hawaumwi taya. Fuata kwanza matibabu rahisi niliyoyataja. Usikubali meno kusagwa au kung'olewa kwa ajili ya taya kabla hujapata ushauri wa daktari wa meno wa pili.

Wapendwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, legeza mabega, achanisha meno, uweke ulimi pale pa "nane". Na kama kuna jambo ulilolimeza kwa muda mrefu, tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya usafi wa meno ya watoto, tangu lile jino la kwanza.